UZI: Umetolewa POP (plasta ngumu) na kiganja hakigeuki? Papasa juu na chini kabla ya kukilaumu kiwiko

FizioWaBara

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanafunzi wa fiziotherapia, matabibu wa zahanati, na yeyote aliyewahi kuvunjika mkono akapona, halafu akakuta kiganja hakigeuki kama zamani. Ni mrefu kidogo, mwenye haraka arudi jioni.

Wagonjwa wengi wanaletwa kwangu na karatasi ya rufaa imeandikwa "kiwiko kigumu". Ukimwambia akunje, anakunja. Anyooshe, ananyoosha. Muulize sasa anashindwa nini nyumbani: kukinga maji ya kunawa uso, kupokea chenji dukani, kuinua viganja wakati wa dua, kupindua chapati. Hakuna hata moja hapo inayohusu kukunja kiwiko. Zote zinahusu kukigeuza kigasha, yaani hiki kipande kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Na kazi ya kukigeuza inafanywa na viungo viwili ambavyo watu wengi hawavigusi kabisa wanapompima mgonjwa.

Kigasha kina mifupa miwili. Alna iko upande wa kidole cha mwisho, radiasi upande wa dole gumba. Kiganja kikiwa chali, mifupa hiyo imelala sambamba. Ukikigeuza kifudifudi, radiasi inapita juu ya alna na kukibeba kiganja chote, huku alna ikibaki karibu pale pale. Kule juu, kichwa cha radiasi kinazunguka ndani ya pete ya ligamenti (ukanda mgumu unaoshikiza mfupa kwa mfupa) iliyoshikizwa kwenye alna. Kule chini, mwisho wa radiasi unaizunguka alna. Wanafunzi huchanganya hapa, kwa hiyo naliandika waziwazi: kichwa cha radiasi kiko kiwikoni, kichwa cha alna kiko kwenye kifundo cha mkono.

Viungo hivi viwili hufanya kazi pamoja. Kimoja kikigoma, kiganja hakigeuki, hata kama mwenzake ni mzima kabisa. Ndiyo maana kuangalia kiganja peke yake hakukuambii tatizo liko wapi. Lazima vidole vyako viwe kwenye mfupa wakati unageuka.

Naandika kwa vipande, msinikatize (najua mtanikatiza tu).

FizioWaBara

Mkao kwanza. Mgonjwa aketi, kiwiko akikunje digrii 90, mkono wa juu ugande ubavuni, dole gumba liangalie dari. Hapo ndipo sifuri. Kuanzia hapo mtu asiye na tatizo hugeuza kifudifudi kama digrii 80, na chali 80 hadi 85. Shughuli nyingi za kila siku zinafanyika ndani ya digrii 50 upande huu na 50 upande ule, kama Morrey na wenzake walivyopima mwaka 1981. Kwa hiyo mgonjwa akifika 60 chali na hana maumivu, msimuue kwa mazoezi ya kutafuta digrii 20 zilizobaki.

Kwa nini kiwiko kigande ubavuni? Kwa sababu bega ni janja. Kigasha kikishindwa kugeuka kifudifudi, mgonjwa anapanua kiwiko kwenda nje na kiganja kinaangalia sakafu kana kwamba kila kitu ni sawa. Kikishindwa kugeuka chali, anakivuta kiwiko ndani mbele ya tumbo na kuinamisha kiwiliwili. Weka karatasi kati ya kiwiko na mbavu. Ikidondoka, bega limeingilia.

Udanganyifu wa pili uko kwenye mifupa midogo ya kiganja, ambayo nayo huzunguka kidogo. Ukimshika mgonjwa vidole ukavigeuza, utapata digrii ambazo si za kigasha. Shika juu kidogo ya kifundo cha mkono, kwenye radiasi yenyewe, na upime hapo hapo.

Jambo jingine: ugeuze wewe, yeye alegee. Akigeuza mwenyewe, misuli ya nje ya kiwiko inakaza na kuvimba chini ya kidole chako, na utaapa kwamba umeshika mfupa.

FizioWaBara

Sasa kule juu. Tafuta nundu ya nje ya kiwiko. Ukiipata, teleza na kidole kuelekea kifundo cha mkono kama sentimita 2 hivi. Utapita kwenye mfereji mwembamba, ambao ndiyo mpaka wa mfupa wa mkono wa juu na radiasi. Mara tu baada ya mfereji kuna kitu kigumu, cha duara, chini ya ngozi na misuli michache. Hicho ndicho kichwa cha radiasi. Njia rahisi ni kuingia kwa nyuma kidogo, kwenye kishimo kinachoonekana kiwiko kikinyooshwa. Huko misuli ni michache na mfupa uko karibu.

Weka dole gumba juu yake, mkono wako wa pili ugeuze kigasha polepole, chali na kifudifudi. Kichwa kinatakiwa kizunguke chini ya kidole kwa ulaini, bila kuhama mahali pake. Usiposikia mzunguko wowote, huenda umebaki kwenye nundu ya juu, ambayo ni ya mfupa mwingine na haigeuki. Shuka kidogo, jaribu tena.

Unatafuta nini? Maumivu ya mahali hapo hasa. Mkwaruzo. Mkwamo unaotokea kwenye digrii ile ile kila ukirudia. Na kubwa zaidi, kama kichwa kiko nyumbani kwake. Ukikuta shimo pale kilipotakiwa kuwa, na pia uvimbe mgumu kwenye mkunjo wa mbele wa kiwiko, simama hapo hapo. Hicho kichwa kimechomoka.

Usisahau pembetatu: nundu ya nje, kichwa cha radiasi na ncha ya kiwiko. Katikati yake huwa pamebonyea. Pakijaa na kuwa laini kama pana maji, ndani ya kiungo kuna majimaji au damu. Mtu aliyeanguka akatanguliza mkono, pembetatu imejaa, na kichwa cha radiasi kinauma ukikigeuza: mchukulie kama amevunjika kichwa cha radiasi hata picha ikionekana safi. Ufa mdogo usiosogea unaweza usionekane kabisa kwenye eksirei ya siku ya kwanza.

Dogo_MwakaWaPili

Mkuu nimejaribu kwa roommate. Nasikia kitu kinazunguka ila yeye anasema anasikia ganzi ya kuchoma kuelekea kidole cha mwisho. Ndiyo kichwa cha radiasi hicho?

FizioWaBara

@Dogo uko upande wa pili wa kiwiko kabisa. Umembonyeza mshipa wa fahamu wa alna, ule unaopita nyuma ya nundu ya ndani. Mwache kijana wa watu. Mwambie aweke kiganja chali. Nundu iliyo upande mmoja na dole gumba ndiyo ya nje. Anzia hapo.

Dogo_MwakaWaPili

😂😂 Anasema asante. Nimepata sasa, kinazunguka kweli.

FizioWaBara

Tuje chini. Kiganja kikiwa kifudifudi, tazama mgongo wa kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho. Ile nundu ya duara ambayo saa huikwaruza ndiyo kichwa cha alna. Weka kidole juu yake, kisha geuza kigasha chali. Nundu inazama, kwa sababu radiasi imeizunguka na kichwa cha alna kimesogea kuelekea upande wa kiganja. Rudisha kifudifudi, inapanda tena. Huo mpando na mzamo ndio unaoufuatilia. Ulinganishe na mkono wa pili, maana kuna watu wamezaliwa na nundu kubwa na hawana ugonjwa wowote.

Kisha pima ulegevu. Mkono mmoja ushike radiasi imara. Mwingine ubane kichwa cha alna kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ukisukume mbele na nyuma. Dole gumba likiangalia dari kutakuwa na mchezo kidogo, ni kawaida. Geuza mpaka mwisho chali, sukuma tena. Geuza mpaka mwisho kifudifudi, sukuma tena. Mwishoni kule ligamenti zimekaza na mchezo unatakiwa upungue. Usipopungua, na mkono wa pili unapungua, kiungo kimelegea. Kikizama ukikibonyeza na kuruka juu ukikiachia kama kibao cha kinanda, hiyo ni dalili yenye jina vitabuni kwa mfano huo huo wa kinanda.

Kabla hujaondoka hapo, tafuta kishimo kidogo pembeni, kati ya ncha ya alna na ile kano nene ya upande wa kiganja inayokwenda kwenye kimfupa cha pisifomu. Bonyeza na kucha ya kidole kimoja. Maumivu makali hapo yanaelekeza kwenye gegedu la pembetatu linalofunga kiungo hiki, au ligamenti zake. Wabeba mizigo na wacheza tenisi nawaona sana na hili.

Kitu kinachoteleza kwa mlio upande wa nyuma wakati wa kugeuza chali kinaweza kuwa kano ya msuli wa kukunjua kifundo, imetoka kwenye mfereji wake. Kidole kilichotulia juu ya kichwa cha alna kitaisikia ikiruka. Mlio usio na maumivu muuache.

Mjukuu_wa_Mganga

Mnazungusha sana maneno. Babu yangu alikuwa anakanda na mafuta ya nyonyo, anavuta, anageuza kwa nguvu mpaka kinalia, mtu anapona. Hizi digrii ni za kizungu.

FizioWaBara

@Mjukuu babu alikuwa na vidole vizuri, sibishi. Waganga wa mifupa wengi wanapapasa vizuri kuliko tabibu ambaye mgonjwa hajavua shati anakimbilia eksirei. Ugomvi wangu ni hapo kwenye "kwa nguvu". Kiwiko kilichoumia karibuni kikikandwa na kuvutwa kwa nguvu, misuli inavuja damu upya, na mwili unaweza kujenga mfupa ndani ya misuli. Mfupa ukishaota pale, kiganja kinafungwa moja kwa moja mpaka apasuliwe. Na kama huo mlio ni wa mfupa uliovunjika, ndiyo kabisa.

Halafu hiyo ya kizungu. Mwaka 1814 daktari Monteggia kule Milan alieleza kuvunjika kwa alna kunakoambatana na kuchomoka kwa kichwa cha radiasi. Mwaka huo huo Abraham Colles wa Dublin akaeleza kuvunjika kwa radiasi karibu na kifundo cha mkono. Eksirei iligunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Kwa hiyo hawa wawili hawakuwa na picha yoyote ya mgonjwa aliye hai. Walikuwa na macho na vidole, sawa na babu yako.

Tabibu_wa_Zahanati

Uzi mzuri. Mimi niko mahali ambapo eksirei ya karibu ni safari ya nusu siku, barabara ikikubali. Kwetu msimu wa embe ni msimu wa mikono. Mtoto akianguka kutoka mtini, kigasha kimevimba katikati, nampeleka tu. Shida ni ile alna iliyopinda kidogo, mzazi anasema "ameteguka tu, mfunge bendeji". Nitajuaje kama ni ya kusafirisha usiku huu?

FizioWaBara

@Tabibu hili ndilo swali lililonifanya nianzishe uzi. Shika kanuni hii: ukikuta mfupa mmoja wa kigasha umepinda au umevunjika, nenda kapapase kiungo kilicho mbali nao.

Alna imevunjika? Panda kiwikoni, kitafute kichwa cha radiasi. Kama hakipo mahali pake, hiyo ni Monteggia. Kwa watoto hupitwa sana kwa sababu alna inaweza kupinda tu bila kukatika, watu wanashughulika na uvimbe wa katikati, hakuna anayegusa juu. Wiki zikipita kichwa kikiwa nje, kurudisha kunageuka upasuaji mkubwa. Huyo ni wa kusafirisha, baada ya kumfunga ubao unaovuka kiwiko na kifundo, na kuandika kwenye rufaa "kichwa cha radiasi hakipo mahali pake, naomba picha ya kiwiko". Usiandike "kigasha" tu, watapiga picha ya katikati na kiwiko kitakatwa pembeni ya filamu.

Radiasi imevunjika, hasa sehemu ya chini ya katikati? Shuka kwenye kichwa cha alna. Kikiwa kimechomoza kuliko mkono wa pili, kinalegea na kinauma, fikiria Galeazzi, jina la Riccardo Galeazzi aliyeieleza mwaka 1934. Kwa mtu mzima hii inataka kufungwa chuma. POP peke yake haiishiki.

Ya tatu ni adimu lakini chungu. Mtu ameanguka kutoka juu, amevunjika kichwa cha radiasi, kila mtu anatazama kiwiko. Anasema pia kifundo cha mkono kinauma, anaambiwa ni mshtuko. Inawezekana ule utando unaounganisha mifupa miwili umechanika kutoka juu hadi chini, na kiungo cha chini nacho kimeachia. Essex-Lopresti aliieleza mwaka 1951. Daktari akikitoa kichwa cha radiasi kilichosagika bila kujua hilo, radiasi inapanda taratibu kuelekea kiwikoni na kifundo kinaharibika. Kupapasa chini kunachukua nusu dakika.

Na mtoto usianze kumpapasa palipouma. Anza na mkono mzima, acheke kidogo, uje upande ulioumia ukiwa mbali na maumivu. Ukianza na panapouma, hutapata chochote tena kutoka kwake siku hiyo.

Tabibu_wa_Zahanati

Nimeipata hiyo ya kuandika kwenye rufaa. Nakumbuka filamu zilizorudi kiwiko kimekatwa.

MamaShuu

Samahani naingilia. Wa kwangu ana miaka miwili. Juzi dada alimvuta mkono akimpandisha kwenye daladala, akalia, tangu hapo mkono unaning'inia, hataki kushika hata biskuti. Haujavimba. Leo jirani kamgeuza, pakalia "ta", mtoto akaanza kucheza. Amemvunja au amemponya?

FizioWaBara

@MamaShuu kwa maelezo yako inaelekea kamponya. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne akivutwa mkono ulionyooka, ile pete ya ligamenti inateleza na kunasa kati ya mifupa. Mkono unaning'inia, kiganja kifudifudi, hakuna uvimbe. Mtaalamu anaweka dole gumba juu ya kichwa cha radiasi na kugeuza kigasha kifudifudi mpaka mwisho. Ule mlio husikika chini ya dole gumba, na dakika chache baadaye mtoto anashika kitu kwa mkono huo. Tafiti zilizolinganisha njia hii na ile ya zamani ya kugeuza chali huku ukikunja kiwiko zinaonyesha hii ya kifudifudi hufaulu zaidi kwa mara ya kwanza.

Lakini jirani asifanye tena kwa mtoto aliyeanguka, au mwenye uvimbe, au asiyejulikana aliumiaje. Huyo anaweza kuwa amevunjika juu ya kiwiko. Na dada aambiwe taratibu kwamba mtoto anabebwa kwa kushikwa kwapani. Linaweza kurudi tena mpaka akue kidogo.

MamaShuu

Alhamdulillah. Ameshatupa rimoti dirishani kwa mkono huo huo.

Toyo_Mombasa

Mimi ni wa boda. Nilianguka, radiasi ikavunjika karibu na kifundo, nikakaa na plasta, ikatolewa. Kifudifudi nafika, chali nakwama katikati. Mfupa wa upande wa kidole cha mwisho umetokeza kuliko wa mkono mwingine. Nimeambiwa nifanye mazoezi tu. Nimefanya mpaka nimechoka.

FizioWaBara

@Toyo pole. Mazoezi ni sawa kama kinachozuia ni ligamenti na utando unaokifunga kiungo, vilivyokakamaa. Kama kinachozuia ni mfupa ulioungana vibaya, hutaushinda kwa mazoezi. Namna ya kuanza kutofautisha: mtu mwingine akugeuze taratibu chali huku kidole chake kiko kwenye kichwa cha alna. Ukikwama kwa mvuto unaoachia kidogo kidogo, na kila wiki unaongeza digrii chache, endelea. Ukikwama ghafla, kigumu kwa kigumu, pale pale kila siku, na nundu haizami, omba eksirei mpya ya kifundo yenye picha ya mbele na ya pembeni, umwone daktari wa mifupa. Radiasi iliyofupika au kuinama kwa nyuma huiacha alna imetokeza, na kiungo cha chini hakikai sawa tena. Hilo lina upasuaji wake.

Muulize pia akupapase kiwikoni. Kama kichwa cha radiasi kinazunguka laini mpaka pale unapokwama, tatizo ni la chini. Ukipata maumivu juu, rudi kwa daktari umwambie mahali hasa.

Toyo_Mombasa

Ni hiyo ya pili. Ghafla, pale pale. Na mazoezi ya nyundo niache?

FizioWaBara

Endelea nayo kwa wastani mpaka picha itoke. Kiwiko kiegemee meza, shika nyundo mwishoni mwa mpini, acha uzito wa kichwa cha nyundo ukigeuze kigasha polepole, kaa hapo ukipumua, rudi. Ikiwa nzito mno, sogeza mkono karibu na kichwa cha nyundo. Maumivu yakibaki hadi usiku au kifundo kikivimba, umezidisha. Vidole viwili vya mwisho vikiingia ganzi, au ukishindwa kunyoosha vidole, acha na uende hospitali bila kungoja miadi.

Dogo_MwakaWaPili

Mkuu swali la mwisho la mtihani wa vitendo. Mtoto hana historia ya kuumia, haumwi, ila kiganja hakigeuki chali tangu azaliwe, mama kaligundua kwenye kula. Kichwa cha radiasi nakipapasa hakizunguki kabisa. Niseme nini kwa mtahini?

FizioWaBara

Sema unashuku radiasi na alna zimeungana tangu tumboni, upande wa juu. Papasa na mkono wa pili, mara nyingi ni pande zote mbili. Tazama bega na kifundo vinavyomsaidia kufidia, kisha omba eksirei. Na usimwambie mtahini kwamba utamnyoosha kwa mazoezi, hapo ndipo wanapokata maksi.